Nani Analipia Meza?

Somo: Nehemia 5:14-19

Nilipokuwa nasomea biashara chuo kikuu, kila hesabu ilikuwa na swali moja: gharama hii inamwangukia nani? Hata kanisani swali hilo halikwepeki. Uongozi una gharama. Kiongozi asipoilipa, watailipa anaowaongoza.

Tazama Nehemia. Alikuwa liwali wa Yuda, yaani gavana, kwa miaka 12. Waliomtangulia waliwatoza watu mkate, divai na shekeli 40 za fedha. Nehemia hakuidai posho hiyo. Na bado mezani pake walikula zaidi ya watu 150, na kila siku alichinjwa ng'ombe 1 na kondoo 6, mbali na kuku. Hebu piga hesabu ya siku moja tu kwa bei ya soko letu! Tena ulikuwa wakati wa njaa, watu wakiweka mashamba rehani ili wapate nafaka. Mwenye pesa angenunua ardhi kwa bei ya kutupa. Yeye hakununua hata shamba moja. Alikuwa ukutani akijenga. Sababu anaitaja mwenyewe: alimcha Mungu, na mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Sasa tuje kwetu. Kiongozi wa ushirika wa nyumbani anatoa nauli yake kwenda kumwona mgonjwa, na jioni analaumiwa kwamba kwa fulani hakufika. Hiyo ndiyo gharama, na ni halali ailipe.

Lakini chunga, mtumishi mwenzangu: toa kilicho chako. Ukiwa mikutanoni kila usiku wa wiki, wanaolipa ni mke na watoto, na hakuna aliyewauliza. Hapo umewatoza kama wale maliwali wa kwanza. Kwangu, Jumatatu ni ya familia. Kukiwa na msiba au mgonjwa nitatoka. Mengine yatangoja Jumanne. Wapo wanaosema pasta ana maringo, hashiki simu. Inauma, lakini hiyo naweza kuilipa mwenyewe.

Nehemia hakuwapelekea watu risiti. Alimwomba Mungu tu amkumbuke kwa mema. Nasi tusidai makofi.

Na wewe mshirika, wiki hii mpigie kiongozi wako. Usimwombe kitu. Muulize tu, "Huko nyumbani mko aje?" Kisha omba naye. Amina.