Walioanguka, na Mlango wa Kurudi

Mwishoni mwa mwaka 249 Kaisari Decius aliamuru kila mkazi wa dola la Roma atoe sadaka kwa miungu. Aliyetii alipewa hati. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimefukuliwa Misri, nyingi zikiwa za Juni na Julai 250. Maneno yake karibu hayatofautiani: mwenye hati anaeleza kuwa siku zote ameitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya wasimamizi, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya kafara. Anaomba wathibitishe, nao wanatia sahihi.

Wapo Wakristo waliokataa wakafungwa, na wapo waliokufa. Huko Karthago, katika Tunisia ya leo, wengi walikwenda wenyewe madhabahuni kabla hata ya kukamatwa. Kundi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi: walionunua hati bila kugusa nyama. Utetezi wao ulikuwa kwamba mkono tu ndio uliodanganya, moyo haukuwamo.

Utetezi huo tunaujua. Ndio wa muumini anayetia sahihi stakabadhi ya uongo kazini Ijumaa, kisha Jumapili akaimba kwaya. Lakini tuufuatilie hadi mwisho wake. Ikiwa tendo la mkono si kitu, basi hata yule aliyekataa kutoa sadaka alioza gerezani bure, kwa maana naye alichokataa kilikuwa tendo la mkono. Hatuwezi kumheshimu shahidi na papo hapo kusema kwamba karatasi haina uzito.

Mateso yalipopungua, walioanguka, yaani waliotoa sadaka au kununua hati, walitaka kurudi. Baadhi ya waliofungwa kwa ajili ya imani waliwaandikia barua za amani, yaani za kuwaombea warudishwe kundini, wakati mwingine bila hata kuuliza nani alifanya nini. Huko Roma, kasisi Novatian alishikilia kwamba Kanisa lisiwapokee tena kamwe. Naona pande zote mbili zilikwepa kazi ileile, yaani kumsikiliza mtu. Wa kwanza walisamehe wasichokijua. Novatian naye alipima maisha mazima kwa siku moja ya hofu. Kuanguka kunaonyesha kwamba mtu aliogopa siku ile. Hakuonyeshi atakuwa nani kesho.

Ushahidi wa hilo ni Cyprian mwenyewe, askofu wa Karthago. Mwaka 250 alijificha, na wapo waliomlaumu. Mwaka 258, chini ya Kaisari Valerian, alisimama mbele ya liwali, akakataa kutoa sadaka, akakatwa kichwa.

Kabla ya kifo hicho, mwaka 251, Cyprian aliwakutanisha maaskofu wa Afrika kuhusu walioanguka. Waliamua kila shauri litazamwe peke yake: walionunua hati wakatubu wapokelewe, waliotoa sadaka waendelee na toba, na wasinyimwe amani wakiwa mahututi. Baadaye, dalili za mateso mapya zilipoonekana, waliwapokea wote waliokuwa katika toba. Hoja yao bado inanitetemesha: utamwambiaje mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo, na huku unamnyima kikombe cha Kristo?

Sisi nasi tuna utaratibu wa kutenga na kurudisha kundini. Mara ngapi tumemwona binti mjamzito akisomwa jina kanisani na kukalishwa benchi la nyuma, na mwanamume aliyempa mimba akiendelea kupita na kikapu cha sadaka? Hapo hapana shauri lililosikilizwa, ila mnyonge aliyepatikana. Na upande wa pili, kiongozi aliyekula fedha za waumini huombewa hadharani, yakaisha, kabla hajarudisha hata shilingi.

Wazee wa kanisa, kabla hamjasoma jina la mtu Jumapili ijayo, kaeni naye kwanza. Mwulizeni alichofanya, aliogopa nini, na ni nani aliyeumia. Mwiteni na yule mwingine pia.