Moyo wa Mgeni

Mwaka huu tulialikwa katika nyumba moja hapa Igogo, kule juu penye majabali, kumpokea binti aliyemaliza masomo katika chuo kikuu kimoja cha India. Tulimshukuru Mungu, tukanywa chai kwa chapati, kisha wazee wakamwomba asimulie maisha ya huko.

Alisimulia vizuri. Mwanafunzi wa kigeni anayekwenda kukaa muda mrefu sharti ajiandikishe serikalini katika siku 14 za kwanza. Bwenini chakula ni wali na dengu, au chapati ambazo wao huziita roti, na pilipili haikosekani. Mvua kubwa zao huanza Juni, nazo hunyesha mpaka Septemba. Chuoni kwake, asiyehudhuria robo tatu ya vipindi hakuruhusiwa kufanya mtihani. Fedha nyingi huhesabiwa kwa laki kama kwetu. Wala si ajabu, maana maneno laki, pesa na gari tuliyapata kwao. Hapo tulicheka sote.

Kisha sauti yake ikapungua. Alisema kwamba yeye na mwenzake kutoka Kenya walipotafuta chumba cha kupanga, nyumba nne waliambiwa kimekwisha kupata mtu, na kibao cha kutafuta mpangaji kingali kinaning'inia mlangoni. Ndani ya basi kiti cha karibu naye kilikaa kitupu huku watu wamesimama. Lakini aliposhikwa na homa kali, mama wa mwanafunzi mwenzake, Mhindi, alimletea uji kila siku kwa wiki nzima, akaketi kitandani akimlisha kwa kijiko.

Mzee mmoja akadakia, "Basi na hawa Wahindi wetu wa mjini tuwaoneshe!" Wengine wakacheka. Nasi tuliofundisha shule kwa zaidi ya miaka thelathini tuliinamia kikombe, tukanyamaza. Kimya kile ndicho kilichotufanya tuandike haya.

Swali ni hili: je, ubaya aliotendewa mtoto wetu ugenini watupa haki ya kumlipiza mtu mwingine wa asili ile ile?

Kukasirika si kosa. Mzazi asiyekasirika mtoto wake anapodharauliwa ana kasoro. Lakini hasira ya haki humtafuta mtenda, bali hasira ya rangi humkamata yeyote aliye karibu. Mwisho wa Januari 2016, katika jiji la Bengaluru, gari lililoendeshwa na mwanafunzi kutoka Sudan lilimgonga mwanamke, akafa. Baadaye kidogo mwanafunzi wa kike Mtanzania akapita hapo pamoja na wenzake katika gari jingine. Umati ukampiga na kulichoma moto gari walimokuwa. Kosa lake lilikuwa nini? Ni Mwafrika, basi. Habari ile ilituchoma sote hapa nchini, na polisi wa kule wakawakamata watu kadhaa. Sasa tujiulize: maneno ya yule mzee yana tofauti gani na fikira za umati ule?

Mtu ataweza kusema, "Mwalimu, hujui tulivyodharauliwa madukani." Twajua. Wakati wa Mwingereza hata shule zilitengwa: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, mpaka utaratibu huo ulipoondolewa kuanzia mwaka 1962. Wako matajiri waliowaita watumishi wao watu wazima "boi", na dhambi hiyo hatuifichi. Lakini anayesimama leo nyuma ya kaunta mjini Mwanza aghalabu amezaliwa nchini humu, na pengine babu yake pia. Yeye si mgeni wetu. Ni raia mwenzetu. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia utazame rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga vikali, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo.

Nasi tuna letu la kuungama. Tulipokuwa vijana, tumetoka chuo cha ualimu, darasani mwetu alikuwamo mtoto mmoja wa Kihindi. Wengine tuliwaita kwa majina yao. Yeye, mwaka mzima, tulimwita "Mhindi". "Mhindi, futa ubao." "Mhindi, jibu." Darasa lilicheka, naye alitabasamu, tukadhani amezoea. Tulipomsikia binti huyu akieleza habari za kile kiti kitupu, ndipo tulipolikumbuka tabasamu lile. Hatujui yuko wapi leo, hata tumwombe radhi.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Waisraeli wanakatazwa kumwonea mgeni, nao wanapewa sababu: wao wenyewe wanaujua moyo wa mgeni, kwa kuwa walikuwa wageni huko Misri. Hawakuambiwa kwamba kwa kuwa Misri iliwatesa, basi nao watafute wa kumtesa. Taabu waliyoipata ilikuwa iwafumbue macho.

Siku ile aliyetufumbua macho ni binti mwenyewe. Alimgeukia yule mzee kwa adabu, akasema, "Babu, nisamehe. Mmesikia mabaya, mkataka Wahindi wa hapa wayalipe. Mmesikia pia habari za yule mama na uji wake. Mbona hakuna aliyesema twende mjini tukawashukuru?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akatikisa kichwa, akasema polepole, "Umenishinda, mjukuu wangu."

Ndugu wasomaji, ubaya wa mtu mmoja twaugawa upesi kwa kabila zima, lakini wema wa mtu mmoja twamwachia peke yake. Mwenye kupima hivyo ana mizani ya udanganyifu, naye hata sokoni kwetu hangevumiliwa. Wiki hii ukienda mjini dukani, anza na dogo: muulize mwenye duka jina lake, nawe mtajie lako.