Je, Yafaa Kusoma Hadithi za Uchawi na Mapenzi?

Watu wajuao kusoma wameongezeka vijijini mwetu, na pamoja nao yameongezeka maswali juu ya yapi yafaayo kusomwa. Swali moja huulizwa mara nyingi: Je, yafaa Mkristo kusoma hadithi iliyojaa uchawi na mapenzi? Tena, kitabu cha kwanza kikiisha kupendeza, je, cha pili kilichotungwa kukifuata kina faida, au ni tamaa tu ya mtunzi na wasomaji wake? Ili tusiseme maneno matupu, na tutwae mfano mmoja tuupime.

Mwingereza H. Rider Haggard (1856–1925) ndiye aliyetunga hadithi ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1929. Mwaka 1887 alitoa kitabu kingine, She, habari za malkia mchawi aitwaye Ayesha, jina lile lile ambalo kwetu ni Aisha au Asha. Malkia huyo alikaa zaidi ya miaka 2,000 mapangoni, nyuma ya mabwawa ya pwani ya Afrika mashariki, akingoja azaliwe tena mwanamume aliyempenda, ambaye yeye mwenyewe alimwua kwa wivu. Akaja kijana Mwingereza, Leo, naye Ayesha akamjua kuwa ndiye. Ustane, mwanamke aliyempenda Leo kwa moyo mnyofu, aliuawa kwa uchawi wa malkia. Kisha malkia akafunua uso wake, na Leo, ingawa maiti ya Ustane ilikuwa bado karibu, akashindwa na uzuri ule. Mwisho Ayesha akaingia mara ya pili katika moto uliompa maisha marefu. Akanyauka, akafa, akiahidi kurudi. Miaka 18 baadaye, mwaka 1905, Haggard akatoa sehemu ya pili, Ayesha, ambamo Leo amtafuta katika milima ya Asia ya kati hata akamwona.

Juu ya sehemu hii ya pili wasomaji husema mambo matatu.

Wa kwanza husema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aliyekufa katika hadithi na aachwe alale, maana jambo la ajabu hustaajabisha mara moja tu. Neno hili lina kweli ndani yake. Safari ya sehemu ya pili ni ndefu, na mengine twaliyasoma zamani. Lakini tembo likitiwa maji si lazima mtungi wote uwe wa kumwagwa, kama tutakavyoona.

Wa pili husema, Vitupwe vyote viwili, maana vyataja uchawi. Huyu nitamjibu kwa heshima. Biblia nayo yatupa habari za Sauli aliyemwendea mwanamke wa Endori usiku, na za Simoni aliyetaka kuununua uwezo wa Roho kwa fedha. Basi kosa si kuutaja uovu. Kosa ni kuusifu. Na Ayesha hasifiwi bure, kwani uchawi wake humwondolea kile kile alichokitaka.

Hata hivyo hofu ya msomaji huyu yatoka mahali pa kweli. Kwetu uchawi si hadithi ya jioni tu. Katika nchi ya Wasukuma, na kwingineko, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yalifanywa mekundu na moshi wa jiko walilotupikia miaka yote. Tanganyika ilitungiwa sheria juu ya uchawi mwaka 1928, wala mauaji hayo hayakukoma kwa sheria. Kwa hiyo yatupasa kujua kwamba Ayesha alizaliwa katika mawazo ya mtu aliyekaa Natal na Transvaal, tena watu wa mapangoni aliowaita walaji wa watu ni wa kubuniwa vile vile. Hadithi si ushahidi juu ya Afrika, wala si ushahidi juu ya bibi kizee jirani yako.

Wa tatu ni vijana. Wao husema, Tazama nguvu ya mapenzi, yashinda hata mauti! Nao wengine, wakiisha kufunga kitabu, huenda kwa mganga kutafuta limbwata. Hao hasa nawaomba wasome sehemu ya pili polepole. Ayesha anapoonekana tena mlimani, hana uzuri hata kidogo. Amesinyaa, atisha kumtazama. Karibu naye amesimama Atene, malkia kijana wa nchi ile, mzuri wa sura, naye ampenda Leo. Leo aambiwa achague. Uso wa kumpumbaza haupo tena. Angeweza kwenda zake. Naye amchagua yule aliyesinyaa, akambusu. Hapo, na hapo tu, twaona kwa hakika kwamba ampenda, kwa kuwa angeweza kukataa.

Kisha Ayesha akarudishiwa uzuri wake na nguvu zake, naye akaanza kuwaza kutawala dunia. Je, ikawaje? Leo alipoomba busu lake, busu lile lilimwua. Kile alichopewa na Leo alipokuwa mnyonge, alikipoteza alipokuwa mwenye nguvu.

Nami naona hii ndiyo faida ya sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza yatuonyesha mtu aliyetekwa. Ya pili yatuonyesha mtu aliyechagua. Anayemtilia mumewe dawa katika chakula, na baba anayemwoza binti yake kwa nguvu kwa ajili ya ng'ombe, wote wawili wafanya kazi moja na Ayesha. Hata dawa ile ingekuwa na nguvu kweli, ingeleta nini? Ingeleta mtu aketiye nyumbani kama mateka, na mwenye kumteka asingejua kamwe kama apendwa. Aliyemnyima mwenzake nafasi ya kukataa amejinyima mwenyewe nafasi ya kupendwa.

Basi, wazazi, msiwafungie watoto vitabu vya namna hii. Someni pamoja nao, kisha waulizeni: Leo alikuwa huru wakati gani? Mtoto awezaye kujibu swali hilo hatakwenda kwa mganga atakapotaka mke.