Mwili ni Amana

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi yatupasa kulitunza. Lakini twaona nini? Baba auza maharagwe na mayai ya nyumbani, anunue soda na biskuti. Kwenda kanisani, mwendo wa nusu saa, apanda pikipiki. Kisha yaja maradhi ya kisukari na shinikizo la damu, na pengine watoto huachwa yatima. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, tena atembee kwa haraka angalau dakika 150 kwa juma. Hayo hayadai fedha. Mchicha u bustanini, na njia ya kanisani ni ile ile. Tusimwombe Mungu afya huku tukiitupa.