Wajukuu Zangu, Msiuzoee Moyo Unaolalamika

Wanangu, nanyi wajukuu zangu, nisikilizeni. Nimezika vijana ambao walipaswa kunizika mimi.

Wengi wao hawakukosa dalili. Walizipa majina mepesi. Kifua kikibana, "ni gesi tu." Pumzi zikikata ngazini, "nimenenepa." Nawaomba sana, msijipachikie majina ya ugonjwa.

Nianze na koo, maana hapo ndipo tunapopoteza watoto. Mtoto analia koo, ana homa, anapewa limau na asali, siku chache baadaye anacheza. Mnasahau. Kwa baadhi yao, wiki mbili tatu zikipita, viungo huanza kuvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Mwili uliokuwa ukipigana na bakteria wa kooni umegeukia moyo na unazijeruhi vali, ile milango inayozuia damu isirudi nyuma. Maumivu ya goti huisha. Kovu la vali laweza kubaki maisha yote.

Koo hilo litibiwe hospitali. Na mtoto aliyekwisha kuguswa moyo hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Inauma, najua. Mpelekeni. Asikose hata moja.

Mtaani kwetu alikuwepo binti aliyelala kwa mto mmoja, kisha miwili, mwishowe akawa anasinzia ameegemea ukuta, maana akilala chali pumzi zinamkatika. Ukimbonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo lilibaki pale. Watu wazima wenzangu walisema amerogwa. Alipofikishwa kwenye kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo ukipiga, vali zilikuwa zimeshakakamaa na kuvuja, na moyo umetanuka.

Mto wa pili ni barua ya moyo. Isomeni siku hiyohiyo. Na wewe uliyejifungua juzijuzi, ukiona hivyo usiseme ni uchovu wa uzazi. Moyo wa mzazi nao huchoka, hata kama hukuwahi kuugua.

Presha nayo haiumi, ndiyo maana inawadanganya. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena na tena, anza matibabu. Mnameza vidonge mwezi mmoja, kichwa kinatulia, mnaacha. Wajukuu zangu, kupata nafuu si kupona! Dawa ikiachwa presha hurudi kimyakimya, na mtakuja kuiona kwenye kiharusi, kwenye figo, kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu. Chumvi nayo ipunguzeni, hasa ile ya kunyunyizia mezani.

Kifua kikibana, maumivu yakipanda tayani au kushuka mkononi, jasho likakutoka, usingoje kupambazuke. Usiendeshe gari mwenyewe. Wenye kisukari, na baadhi ya wanawake, huenda wasisikie maumivu hayo kabisa: ni kuishiwa nguvu ghafla, kichefuchefu, pumzi fupi. Wakimbizeni hivyohivyo.

Zahanati inatosha kupima presha. Lakini aliyezimia bila sababu, ambaye moyo unamwenda mbio akiwa ameketi, au mtoto mchanga anayetoka jasho akinyonya, aonwe na daktari bingwa wa moyo. Mtoto akibadilika midomo kuwa ya bluu, hiyo ni dharura. Zamani wagonjwa wengi wa upasuaji walipelekwa India. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na vifua vya watoto wetu vinafunguliwa na kutibiwa hapahapa.

Basi ukipewa barua ya rufaa, usiifungie kabatini ukingoje mavuno. Nenda wiki hiyohiyo. Nauli ikipungua, njoo uniambie, usione haya.