Aliye Juu Mngoje Chini

Wahenga waliponena kuwa aliye juu mngoje chini, walimtwika aliyeshindwa kazi iliyo nzito kuliko zote, nayo ni kungoja. Methali hiyo hutolewa zaidi kumwonya mwenye nguvu. Hata hivyo ndani yake limo sharti lisilotajwa: kwamba ngazi ingali pale pale ilipoegeshwa. Aliyepanda akiivuta ngazi juu, aliye chini angoje nini?

Swali hili Zanzibar haikulipata vitabuni. Januari 1961 walichaguliwa wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama kilichokuwa na nguvu zake Pemba, viti 3. Mizani ikawa mikononi mwa watu watatu, nao wakagawanyika: wawili wakaelekea Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, asipatikane wa kutawala. Kikaongezwa kiti kimoja, na Juni mwaka ule ule uchaguzi ukarudiwa: Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii watatu wote walisimama na Hizbu, na kiongozi wa chama kilicho kidogo kuliko vyote, Mohamed Shamte, akawa mkuu wa serikali. Katika ghasia za uchaguzi huo walikufa watu 68.

Kwa hesabu hapakuwa na kosa, kwani 13 hushinda 10. Lakini haki ya kuongoza si haki ya kumiliki. Viti vilivyozidi humwezesha mwenye navyo kupitisha bajeti na sheria. Havimgeuzi mwenziwe kuwa mgeni katika nyumba yao wote wawili. Tena wingi wa barazani ukihama, hubadilika na nyoyo. Aliyepata huanza kuogopa kupokonywa, na aliyekosa huanza kujiuliza kama siku yake ipo. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu katika 31. Mtu aonaye wingi wake haugeuki kuwa viti, subira yake hupungua. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ile ikakipiga marufuku chama cha Umma, na tarehe 12 mwezi huo huo ikapinduliwa.

Ingekuwa wepesi kukomea hapo na kuwalaumu waliopinduliwa peke yao. Lakini walioshika nafasi yao nao waliivuta ngazi. Kilibaki chama kimoja, na sheria zikatungwa na Baraza la Mapinduzi hadi Baraza la Wawakilishi lilipoanza mwaka 1980. Vyama vingi viliporejea, uchaguzi wa 1995 ukaipa CCM viti 26 vya kuchaguliwa na CUF 24. Mizani ile ile ya nywele ikarudi, na uhasama ukarudi nayo. Wawakilishi wa CUF wakasusia vikao.

Mwaka 2010, katika kura ya maoni, Wazanzibari asilimia 66.4 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama kinachofuata kwa kura hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Sheria hiyo haikumpa aliyeshindwa ushindi, ilimwekea ngazi. Hata hivyo matokeo ya uchaguzi wa 2015 yalifutwa, na CUF ikasusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016. Kumbe sheria yaweza kuamuru ngazi iwepo, isiweze kuamuru mkono usiiguse.

Hapo ndipo palipo na mtihani wa mwenye wingi. Kila atungapo sheria, ajiulize kama angeridhika nayo siku atakapokuwa yeye ndiye wa kungoja. Akiona hapana, basi ajue kwamba mkono wake tayari umeshika ngazi.