Maumivu Yasiyoonekana



Mmekwisha kufundishwa kwamba siku ya ubatizo wenu mtafanywa viungo vya mwili wa Kristu, yaani viungo vya Kanisa lake. Neno hili «kiungo» twalitumia kila siku, wala hatulifikiri sana. Katika lugha yetu neno hili lina maana mbili. Kiungo ni mkono, mguu, jicho au sikio. Tena kiungo ni mahali pale mfupa unapokutana na mfupa mwenziwe: goti, kiwiko, bega, nyonga. Leo nataka tufikiri juu ya viungo vya namna hii ya pili, ili tuvielewe vema vile vya namna ya kwanza. Nataka pia kuwaeleza kosa langu mimi mwalimu wenu, ili lisije likawa kosa lenu.

I. Kosa la mwalimu

Katika darasa langu palikuwa na msichana wa mwaka wa nne. Wakati wa mapumziko wenzake walimzunguka wamwone akichezesha mikono yake. Alikunja kidole gumba mpaka kikalala juu ya kigasha cha mkono. Alirudisha kidole cha mwisho nyuma mpaka kikasimama wima. Watoto walicheka, wakampa karanga ili arudie.

Lakini darasani msichana yule yule aliandika mistari miwili tu, kisha akaweka kalamu chini na kuusugua mkono wake. Siku ya kuchota maji ya bustani alifika nyuma ya wote. Saa ya sala, kama tulisimama kwa muda mrefu, alitafuta ukuta wa kuegemea. Mimi nilimtazama, nikaona kwamba hana jeraha, hana uvimbe, hana homa. Nikasema moyoni: huyu ni mvivu. Kisha nikalisema neno hilo kwa kinywa, mbele ya wote. Nikamwambia kwamba mtu awezaye kuchezesha vidole kwa ajili ya karanga hawezi kushindwa kushika kalamu kwa ajili ya masomo. Nikampigisha magoti sakafuni mpaka kengele ilipolia.

Siku nyingine nilimwita afute ubao. Aliponyosha mkono juu, bega lake likateguka. Hakulia. Aliushika mkono ule kwa mkono wa pili, akainama, akaugeuza polepole, bega likarudi mahali pake. Kisha akaokota kitambaa, akaendelea kufuta. Darasa zima lilinyamaza. Kilichonichoma moyo zaidi ni kuona kwamba amekwisha kuzoea.

Jioni nilikwenda kwao. Mama yake akaniambia: «Mwalimu, mtoto huyu namfunga magoti kwa kitambaa kila usiku, apate kulala. Sisi tulidhani wajua.»

Sikujua, kwa sababu sikuuliza.

II. Kamba zilizolegea

Wazazi walimpeleka hospitali, nami nilikwenda pamoja nao. Haya ndiyo tuliyoelezwa huko, nami nawaeleza ninyi kwa maneno ya kijijini.

Mifupa haishikani yenyewe. Hufungwa kwa kano, kama vile miti ya nyumba ifungwavyo kwa kamba. Wajenzi wa nyumba wanajua: miti yaweza kuwa mizima, wala mchwa hajaigusa, lakini kamba zikilegea nyumba hutikisika kila upepo upitapo. Hivyo hivyo na mwili. Wako watu ambao tangu kuzaliwa kano zao hunyoka kupita kadiri, na viungo vyao hukunjika kuliko vya wengine. Wengi wao hawana maumivu yoyote, tena hucheza ngoma vizuri kupita wenzao. Lakini wengine huumwa sana. Kiungo huteguka kwa jambo dogo, kifundo cha mguu hupinduka katika njia iliyo sawa, na maumivu hukaa siku nyingi.

Tena sikilizeni jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha fundisho letu. Pale kano isiposhika vema, misuli iliyo kando yake hushika mahali pake. Misuli hiyo hufanya kazi kutwa nzima, hata mtu anaposimama tu pasipo kubeba kitu. Ndiyo sababu mtu huyu huchoka mapema, na baada ya kazi kubwa huumwa kesho yake. Yeye aonekanaye kwamba hafanyi kitu, ndani ya mwili wake anafanya kazi kuliko sisi.

Madaktari hawakugundua jambo hili jana. Mwaka 1967 madaktari wa Uingereza waliandika habari za watu wenye viungo vilegevu na maumivu, wakaipa hali hiyo jina. Mwaka 1973 madaktari wengine walipima viungo vya Waafrika, Watswana wa Afrika ya Kusini, kwa kipimo cha alama 9: vidole vya mwisho, vidole gumba, viwiko na magoti, kuume na kushoto, na mwisho kuinama mpaka viganja vilale chini pasipo kukunja magoti. Waliona kwamba viungo vya wanawake hulegea kuliko vya wanaume, na kwamba ulegevu hupungua kadiri miaka inavyoongezeka. Kipimo hicho chatumika mpaka leo katika nchi nyingi. Basi hali hii si ya kijiji kimoja wala ya ukoo mmoja.

III. Si ulozi, wala si adhabu

Mara nyingi hali hii hupita katika jamaa: mama anayo, na mtoto anayo, au baba anayo, na mtoto pia. Watu wakiona hivyo husema: «Ukoo huu umelogwa.» Sivyo, ndugu zangu. Mtoto hupokea kwa wazazi wake umbo la pua na urefu wa mwili, na vivyo hivyo aweza kupokea ulaini wa kano. Hakuna mlozi aliyelegeza kamba hizo usiku.

Kwa hiyo msikimbilie kwa mpiga ramli. Atawapa jina la jirani au la shangazi, nanyi mtarudi nyumbani mkiwa na chuki mpya, na maumivu yale yale. Chale hazikazi kano, na wembe usio safi huleta magonjwa ya damu. Wala msimpeleke mtoto kwa mtu avutaye viungo kwa nguvu, kwa maana kiungo kilicholegea hakihitaji kuvutwa zaidi.

Wengine watasema: «Mungu anamwadhibu.» Katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Yezu aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Mkatekumeni anayelishika jibu hilo hatamwuliza mgonjwa ametenda nini. Atamwuliza: «Nikusaidie nini?»

IV. Tunavyopaswa kutenda

Mwenyeheri Isidori Bakanja, kijana Mkristu wa Kongo yetu, alipigwa viboko mwaka 1909 kwa ajili ya skapulari aliyoivaa. Majeraha yake yaliyaona macho ya watu, nao walimhurumia. Alikufa tarehe 15 Agosti mwaka ule ule, akiwa amemsamehe aliyempiga. Kumhurumia mtu mwenye majeraha kama yale si kazi ngumu. Lakini tutamhurumia nani yule ambaye ngozi yake ni nzima? Mimi nilikuwa kama Mtume Tomasi: nilitaka kwanza kuona jeraha, ndipo nisadiki. Kumsadiki mwenye maumivu ni tendo la huruma, na ni tendo la kwanza, kwa maana mengine yote hufuata hilo.

Nilimwomba msichana yule msamaha mbele ya darasa, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya darasa. Aliniambia: «Mwalimu, ulikuwa hujui. Sasa wajua.» Neno lile la pili nalibeba mpaka leo. Kabla ya kujua, nilikuwa na udhuru kidogo. Baada ya kujua, sina.

Basi tulibadili mambo. Tulizungusha kitambaa kwenye kalamu yake ili iwe nene, isiukaze mkono. Huandika kidogo, hupumzika, huandika tena. Masomo ya katekisimu hunijibu kwa kinywa, tena hujibu vizuri kuliko wengi. Ndoo yake ya maji hubebwa na wenzake kwa zamu, na yeye huwasimulia hadithi njiani. Wala hakuna tena anayempa karanga ili akunje vidole, kwa kuwa mchezo ule ulimwumiza.

Mwaona? Pale kano iliyolegea isiposhika, misuli iliyo jirani hushika. Ndivyo Kanisa linavyopaswa kuwa. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba kiungo kimoja hakiwezi kukiambia kingine kuwa hakina haja nacho, na kwamba Mungu alivipa heshima kubwa viungo vile vilivyo dhaifu. Mume na ashike mchi wa kinu siku ile mikono ya mke wake inapokataa, wala asiogope kuchekwa. Mama mkwe asimwite mkwewe mvivu kabla ya kumwuliza alivyolala. Vijana na wachote maji kwa ajili ya jirani anayechechemea.

V. Neno kwako wewe unayeumwa

Wewe unayesoma ukurasa huu na viungo vyako vinakuuma, usiufiche ugonjwa wako kwa haya. Nenda hospitali au kituo cha afya, umweleze mganga tangu mwanzo. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, au ukiwa na homa, usikawie, maana yaweza kuwa ugonjwa mwingine. Kiungo kikiteguka kisirudi, usimruhusu kila mtu kukivuta. Hakuna dawa ya kufanya kano ziwe nyingine, lakini misuli yaweza kutiwa nguvu kwa mazoezi madogo, polepole, siku kwa siku, jinsi utakavyoonyeshwa. Gawanya kazi yako: lima kidogo, kaa, lima tena. Kukaa kitandani siku zote hudhoofisha misuli, na kujikaza kupita kiasi huumiza viungo. Tafuta njia ya katikati.

Usifadhaike kwa sababu huwezi kupiga magoti katika Misa. Kanisa halimtwiki mtu mzigo ambao mwili wake hauuwezi. Kaa kwa heshima, na moyo wako upige magoti.

Kumbuka habari za Yakobo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 32. Alishindana usiku kucha na yule ambaye hakumjua, nyonga yake ikateguka, naye hakumwachilia mpaka alipobarikiwa. Akapata jina jipya, Israeli. Jua lilipochomoza alikuwa akichechemea. Tazama, baraka haikumwondolea kuchechemea, na kuchechemea hakukumwondolea baraka. Nawe utapokea jina jipya siku ya ubatizo wako, na labda utakwenda kwenye kisima cha ubatizo ukichechemea. Mungu anaujua mwendo wako.

Tarehe 11 Februari 1984 Papa Yohane Paulo II alitoa barua kubwa juu ya maana ya mateso ya kibinadamu, na tangu mwaka 1993 Kanisa huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani. Siku hiyo watajwe katika sala pia wale ambao ugonjwa wao hauonekani. Na wewe, maumivu ambayo hakuna ayaonaye, uyaunganishe na mateso ya Bwana Yezu msalabani. Yeye huyaona.

Maswali ya kujibu pamoja katika kikanisa

Swali: Je, mtu asiye na jeraha aweza kuwa na maumivu makali?
Jibu: Naam, aweza. Viungo vyake vyaweza kuumwa ndani, na ngozi ikawa nzima.

Swali: Je, ulegevu wa viungo hutoka kwa walozi au kwa dhambi ya wazazi?
Jibu: Hapana. Mtu huzaliwa nao, na mara nyingi hurithi kwa wazazi wake kama anavyorithi sura.

Swali: Mkatekumeni atende nini mwenziwe asemapo kwamba anaumwa?
Jibu: Amsadiki, amwulize haja yake, amsaidie kazi, na amshauri kwenda hospitali.

Kusudi la mwezi: Nitamtafuta mtu mmoja niliyemwita mvivu, nami nitamwuliza kwa upole habari za mwili wake. Kama nilimkosea, nitamwomba msamaha mbele ya wale waliosikia.

Tusali: Ee Bwana Yezu, uliyeanguka njiani chini ya msalaba, nawe ukakubali kusaidiwa na Simoni wa Kirene, uwaimarishe wote ambao viungo vyao vinawauma. Utupe sisi macho ya kuona yasiyoonekana, na mikono ya kushika pale mwenzetu anapolegea. Utufanye viungo vya kweli vya mwili wako. Amina.